Nguruwe wangu wamesusa chakula tangu joto lianze

BARUA

Shikamoo Bwana Mifugo,

Nakuandikia nikiwa sina usingizi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kibaha. Mwezi wa 11 nilikopa kwenye kikoba nikanunua vitoto vya nguruwe 18, kila kimoja kilo 15 hivi. Hesabu yangu ilikuwa Pasaka wawe wamefika kilo 80 au 90, niuze, nirudishe mkopo, kinachobaki kiwe mtaji.

Hadi Krismasi walikuwa wanakwenda vizuri sana, mpaka shemeji yangu akaanza kunitania kwamba anauona mkia wa kitimoto chake. Katikati ya Januari mambo yakageuka. Wakiletewa chakula wananusa, wanachota mdomo mmoja, wanarudi kulala. Mchana wanajinyoosha mbalimbali, kila mmoja kivyake, wanahema kama mbwa waliotoka mbioni, na wanajigaragaza kwenye mkojo wao, jambo ambalo hawakuwa nalo. Kwa kupima na futi, wiki tatu hizi hawajaongezeka hata kilo 3. Wengi wako kwenye 45.

Wanakula saa 3 asubuhi na saa 7 mchana, maana kijana anayetusaidia anaondoka saa 10. Kwa kila kilo 100 za chakula tunachanganya pumba za mahindi 50, mashudu ya alizeti 40 na dagaa 10. Zamani mashudu yalikuwa 20 na dagaa 5. Jirani ambaye naye ni mfugaji aliniambia nguruwe asipokua ujue protini imepungua, ndiyo tukaongeza. Tangu tuongeze ndiyo kwanza wamezidi kususa, na harufu ya banda imekuwa kali hadi inawasha macho. Kinachonishangaza ni kwamba chakula wanachokikataa mchana, asubuhi nakuta kihori kimelambwa.

Banda ni la bati, si refu sana. Maji yanatoka kwenye tangi jeusi la lita 1,000 lililo juu, bomba linapita chini kwa nje, ndani kuna chuchu moja ya kunywea. Kuna siku maji yanakatika kutwa.

Muuza duka la dawa aliniuzia OTC, sindano ya kuua bakteria, nikawachoma watano waliokuwa hoi zaidi. Sikuona tofauti. Mume wangu anasema hii ni homa ya nguruwe, tumwite mchinjaji wawahi kuondoka kabla hawajatufia mikononi. Mwingine amenishauri niwawekee chumvi kwenye maji. Nifanye nini? Niongeze protini tena, au ndiyo nimeshapoteza pesa ya kikoba?

Mama Kikoba, Kibaha

JIBU

Marahaba, Mama Kikoba. Sentensi yako ile ya kihori kulambwa usiku ndiyo iliyonifanya nipumue. Nguruwe mwenye homa ya nguruwe ya Afrika haamki usiku kumalizia kiporo. Anayekataa mchana na kula usiku anakuambia kwamba tumbo ni zima, shida ni saa.

Hata hivyo usiniamini mimi niliye mbali kuliko kipimajoto kilicho mkononi mwako. Kesho alfajiri, kabla jua halijatoka na kabla hujawasumbua, pima wanne watano kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa. Nguruwe mzima huwa kati ya nyuzi 38.5 na 39.5, hapo juu kidogo au chini kidogo. Wa joto la hewa anapanda mchana na kushuka alfajiri. Ukikuta alfajiri ile ile wana 40.5, 41 na kuendelea, masikio na tumbo vinageuka rangi ya zambarau, hawaamki kabisa, na mmoja amekufa, basi funga mlango wa banda, mtu asiingie wala kutoka na viatu vya bandani, na umpigie afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Hapo usiuze, usichinje. Homa hiyo haina tiba, na nyama inayotembea ndiyo inayoipeleka kwenye mabanda ya wenzako. Kwa hiyo wazo la mume wako ni baya kwa hali zote mbili: kama ni homa utaisambaza, na kama si homa utakuwa umeuza kwa hasara wanyama wazima.

Na wale watano uliowachoma, waandike alama. Nyama yao isiende buchani hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe, na kwa dawa ya aina hiyo huwa ni wiki kadhaa, si siku mbili tatu. OTC haipunguzi joto la bati.

Sasa tuje kwenye chakula, maana ndiko ulikoharibikiwa, na hukuharibikiwa kwa uzembe. Umefuata ushauri ambao mwezi wa saba usingekuumiza hivi.

Nguruwe hatoi jasho la maana. Wewe ukipata joto ngozi inalowa, upepo unakupoza. Yeye ana njia tatu tu: kuhema, kujilaza kwenye kitu cha baridi, na kujilowesha. Ndiyo maana anagaragara kwenye mkojo. Si uchafu wala wazimu, ni kwamba umemnyima tope na yeye amelitengeneza. Nguruwe wa kilo 45 anastarehe kwenye nyuzi 18 hadi 24 hivi. Banda lenu la bati mwezi huu mchana linapita nyuzi 30 bila shaka, na unyevu wa Pwani unafanya kuhema nako kusimsaidie sana. Akiwa ametulia penye ubaridi huhema mara 25 hadi 35 kwa dakika. Kaa naye saa 8 mchana, hesabu ubavu unavyopanda na kushuka kwa nusu dakika, zidisha kwa mbili. Ukipata zaidi ya 60, huyo anapigania uhai, na mtu anayepigania uhai humtengei ugali.

Utaniuliza mbona Krismasi kulikuwa na joto na walikula. Walikuwa wadogo. Kitoto cha kilo 15 au 20 kinalipenda hilo joto, tena usiku kinaweza kuona baridi. Anavyokua, mwili unazidi unene kuliko ngozi ya kutolea joto, na chini ya ngozi mafuta yanaanza kujipanga kama blanketi. Hewa ni ile ile, nguruwe ndiye aliyebadilika. Wafugaji wengi wanashangazwa na jambo hili kila mwaka, wanadhani wamerogwa au wameuziwa mbegu mbaya.

Kila anachokula kinazalisha joto ndani wakati wa kusagwa. Hilo halikwepeki. Lakini vyakula havilingani. Kuna jiko linalochemsha sufuria, na kuna jiko linalomchoma mpishi huku maji ya uvuguvugu. Makapi, yaani ile sehemu ngumu ya mashudu ya alizeti yasiyokobolewa, ni jiko la pili. Utumbo mpana unayachachusha kwa saa nyingi, joto linatoka jingi, nguvu anayobaki nayo ni kidogo. Protini ikizidi mahitaji ni hivyo hivyo: mwili hauiweki akiba, ini linaivunjavunja, kazi hiyo ni joto tupu, na mabaki yanatoka na mkojo. Anahitaji maji zaidi ili kuyakojoa. Ile harufu inayokuwasha macho ndiyo protini yako, Mama Kikoba. Dagaa ulionunua kwa pesa ya kikoba unaunusa bandani. Mafuta ndiyo yanayotoa joto dogo kuliko vyote huku yakimpa nguvu nyingi kwa mdomo mmoja, na nguruwe asiyetaka kula ndiye hasa anayehitaji nguvu nyingi kwa mdomo mmoja.

Nimeupiga hesabu mchanganyiko wenu wa sasa. Protini yake inakaribia asilimia 20, wakati nguruwe wa kilo 45 hata kwenye ubaridi hahitaji kupita 16 au 17. Na bado, pamoja na wingi huo, sehemu kubwa inatoka kwenye alizeti, ambayo ni maskini wa lisini, kirutubisho cha protini ambacho nguruwe hukiishiwa kwanza. Yaani ana protini nyingi asiyoitaka na amepungukiwa ile anayoitaka. Nguruwe akuonee huruma vipi?

Kwa kipindi hiki cha joto changanya hivi, kwa kilo 100 na kwa mizani, si kwa ndoo, kwa sababu ndoo ya pumba na ndoo ya dagaa hazina uzito mmoja: mahindi yaliyoparazwa kilo 45, pumba za mahindi 30, mashudu ya soya 11, mashudu ya alizeti 5, dagaa 3, mafuta ya kula 3, DCP (unga wa kalsiamu na fosforasi) na chokaa ya mifugo jumla 2, lisini ya unga gramu 300, premiksi ya nguruwe (mchanganyiko wa vitamini na madini) gramu 400 na chumvi gramu 300. Kama pakiti ya premiksi inataja kipimo kingine, fuata pakiti. Hapo protini inashuka hadi 15 hivi, lisini inatosha, makapi yamepungua sana. Lisini huuzwa kwenye maduka makubwa ya vyakula vya mifugo. Usipoipata, panda kidogo kwenye soya na dagaa, 13 na 4, upunguze mahindi kwa kiasi hicho hicho. Si nzuri kama ya kwanza ila inafaa. Soya choma au nunua iliyokwisha kukamuliwa kwa joto, mbichi inazuia usagaji. Na mchanganyiko wenye mafuta usiuweke mwezi mzima kwenye joto hili, unaoza kwa harufu. Changanya wa wiki moja. Dagaa chekecha mchanga kwanza, pumba zinuse na uangalie ukungu, maana masika yakikaribia ukungu nao unakaribia.

Najua unapiga hesabu ya bei, kilo hii ni ghali kuliko ya alizeti. Ni kweli. Lakini kilo ya bei nafuu inayolala kihorini au kugeuka harufu ndiyo uliyokuwa ukiilipia wiki tatu. Hamia taratibu, siku tano au sita, siku ya kwanza robo mpya na robo tatu ya zamani.

Hata ungewapa chakula cha harusi, saa 3 asubuhi na saa 7 mchana ni saa mbaya. Joto la kusaga linapanda saa kadhaa baada ya kula. Aliyekula saa 3 linamfikia kileleni saa 6 au 7, jua likiwa utosini. Unamwashia moto ndani wakati bati linawaka nje. Wakati huo damu yake imekimbilia kwenye ngozi kutafuta ubaridi, utumbo umebaki na damu kidogo. Ndiyo maana ukimlazimisha kula mchana anaweza kuharisha au kupata vidonda vya tumbo.

Mlishe saa 11 alfajiri, isizidi saa 12, kisha saa 1 au 2 usiku. Asubuhi mpe kama sehemu 4 kati ya 10, usiku 6. Mchana kihori kiwe tupu na kisafi. Kijana wako anaondoka saa 10, najua, kwa hiyo mlo wa usiku ni wa nyumbani: baba wa watoto huyo aliyekuwa anataka kumwita mchinjaji ana kazi sasa. Nguruwe 18 dakika 20 zinatosha. Alfajiri kijana akishindwa, chakula kipimwe jana yake kikiwa kikavu, kilowanishwe wakati wa kulisha tu.

Kulowanisha nako kunasaidia. Kipimo kimoja cha chakula kwa viwili vya maji, kiwe uji mzito. Wanakula haraka na wanapata maji humo humo. Kiondoke baada ya nusu saa hivi na kihori kioshwe, kwani uji wa pumba kwenye joto la Kibaha unachacha kabla hujamaliza kunywa chai. Mchana wakilia njaa, maganda ya tikiti au matango yaliyozidi sokoni si mabaya, machache tu, ni maji zaidi kuliko chakula. Mabaki ya hotelini mimi siyapendi, na kama una mazoea hayo yachemshwe nusu saa nzima, kwa sababu kipande cha kitimoto ndani yake kinaweza kukuletea ile homa uliyokuwa ukiiogopa.

Tusipoongea maji, yote hayo ni kazi bure.

Miaka ya nyuma nilikwenda kwa mfugaji mmoja Morogoro, mwenye malalamiko kama yako. Nilikagua chakula, nikakagua minyoo, nikaandika ushauri ukurasa mzima. Wakati wa kunawa nikaminya chuchu ya bandani, maji yakaniunguza kiganja. Nguruwe walikuwa wakinywa maji ya kuogeshea mtoto. Karatasi yangu nikaikunja. Tangu siku hiyo kila banda naanzia mkononi: saa 8 mchana, minya chuchu, acha maji yapite kwenye kiganja. Usipoyapenda wewe, yeye hatayapenda.

Tangi jeusi juu ya bati, bomba juani, na chuchu moja kwa nguruwe 18! Lishushe tangi au lijengee kivuli cha makuti. Bomba lifukie ardhini, jembe moja na nusu siku inatosha. Ongeza chuchu ya pili, kila moja ihudumie wasiozidi 10, na mbali na mwenzake ili mbabe mmoja asizilinde zote. Kisha pima: chupa ya lita moja ijae kwa dakika moja hivi. Ikichukua dakika tatu, ana kiu na anajiona amechoka kusubiri. Nguruwe wa ukubwa huo kwenye joto anaweza kunywa lita 10 na zaidi kwa siku, kwa hiyo hao wako wanataka kama lita 200 za kunywa tu. Siku maji yakikatika usingoje yarudi. Weka mapipa mawili ya akiba kivulini. Asipokunywa hali, hilo halina mjadala.

La chumvi kwenye maji sahau kabisa. Gramu 300 nilizokuandikia kwenye chakula zinamtosha. Nguruwe aliyekula chumvi halafu maji yakakatika anapata sumu ya chumvi, anazunguka kama kipofu, anapiga kichwa ukutani, anakufa. Kwenu maji yanakatika. Unaona hatari ilipo.

Banda nitalipitia haraka maana hukuniuliza. Juu ya bati tandika makuti, upande wa jua la alasiri weka turubai au majani ya mnazi, kuta ziwe fupi upepo upite. Sakafu mwagia maji kona moja, wachague wenyewe. Wanyunyizie dakika moja mbili, acha ngozi ikauke kwa upepo, rudia baada ya nusu saa. Ukimwaga kutwa unajaza unyevu na hewa inakuwa nzito kama ya bafuni. Ukikuta mmoja ameanguka, anatoa povu, mpeleke kivulini, mloweshe masikio, shingo na tumbo kwa maji ya kawaida, sakafu nayo, mpepee. Maji ya barafu usimmwagie, mshtuko unaua. Usimlazimishe kunywa.

Na Pasaka? Kilo 90 Pasaka hazipo, nisikudanganye. Walioko kwenye 45 sasa, hata mambo yakinyooka wiki ijayo, watafika 65 au karibu na hapo. Nenda kwenye kikao cha kikoba mapema, kabla hawajakuita, waeleze kwa takwimu, omba uuze wanne watano wazito Pasaka, wasiokuwa wale uliowachoma, ulipe sehemu. Waliobaki waingize masika. Joto likishuka mwezi wa 5, nguruwe ambaye hakuumwa huwa anakula kama aliyekuwa safarini, na hapo kilo zilizosimama Januari zinaanza kurudi. Mwezi wa 6 na wa 7 Kibaha kuna ubaridi wa kutosha kumaliza kazi, na alizeti unaweza kuirudisha hadi 15 au 20 ili upunguze gharama.

Hesabu pumzi leo saa 8 mchana, uandike ukutani kwa mkaa. Hesabu tena siku ya saba baada ya kuhamisha saa za kulisha na kufukia bomba, kisha uniletee namba zote mbili.